Fomu ya pili ya shule ya udaktari Marekani imelala kwenye email na muda umeenda: uijaze au uachane nayo?

Hii ni kwa wale mlioomba shule za udaktari hapa Marekani kupitia AMCAS, ule mfumo wa pamoja wa kutuma maombi, shule zikawatumia fomu za pili zile zenye esei na ada, alafu zikalala. Sababu zipo nyingi, ulikua unapiga dabo shifti nasing homu, majibu ya MCAT (mtihani wa kuingilia shule za udaktari) yalichelewa, profesa wa kemia alikaa na barua yako mpaka ukaona aibu kumkumbusha, na sizihukumu. Sasa ni Oktoba au Novemba, una fomu tisa hazijaguswa, kila moja ina esei tatu nne, na dedilaini ziko wiki mbili mbele.

Msimamo wangu niuseme mapema: nyingi uziache, chache uzijaze, na hizo chache uzijaze kama vile hujachelewa. Kazi ni kujua zipi ni zipi.

Kwanza, fomu kuja kwako haimaanishi wamekupenda

Hapa ndo watu wengi wanajidanganya. Shule nyingi zinatuma fomu ya pili kwa karibu kila mtu aliyeziweka kwenye AMCAS, bila mtu kukaa na kusoma faili lako, kwa hiyo ile email ya "tunafurahi kukualika uendelee" ni email tu na ada juu. Zipo zinazochuja kwanza, mfano Vanderbilt na baadhi ya shule za University of California kama UCSF na UC Davis, hao wakikutumia fomu ujue namba zako zimepita mahali. Kwa hiyo kabla hujafanya lolote, gawanya fomu zako mafungu mawili, zilizotoka kwa wanaochuja na zilizotoka kwa wanaotuma kwa wote. Tovuti za shule zenyewe huwa zinasema, na kama haisemi chukulia wanatuma kwa wote.

Hatua ya 1: hesabu siku faili litakapokamilika, achana na dedilaini

Dedilaini inakwambia siku ya mwisho wanayokubali kupokea hela yako. Shule haisomi faili siku ulipobonyeza tuma, inasoma likishakamilika, na kukamilika maana yake vitu vyote vimefika: AMCAS iliyohakikiwa, majibu ya MCAT, barua za rekomendesheni, fomu ya pili, ada, na kama wanataka CASPer au PREview, vile vipimo vya mtandaoni vya busara na maadili, basi na hayo majibu yawe yameingia. Kimoja kikikosekana upo kwenye foleni ya watu ambao hawasomwi.

Kwa hiyo chukua karatasi, kwa kila shule andika nini bado. Kama bado MCAT, majibu yanachukua kama mwezi tangu siku ya mtihani. Kama bado CASPer, hesabu wiki mbili tatu baada ya kufanya, na ni lazima uifanye upya kila msimu, ya mwaka jana haihesabiki. Kama bado barua, jiulize kwa ukweli huyo mtu ataandika lini, kwa sababu profesa aliyekaa kimya miezi mitatu hataanza kukimbia kisa wewe una dedilaini. Ile tarehe ya kitu cha mwisho kufika ndo tarehe yako halisi.

Sasa ilinganishe na kalenda yao. AMCAS inaanza kupeleka mafaili kwa shule mwishoni mwa Juni. Intavyu zinaanza Agosti na Septemba na kwa shule nyingi zinaendelea mpaka Februari au Machi. Kuanzia tarehe 15 Oktoba shule zinaruhusiwa kuanza kutoa nafasi kwa walioomba AMCAS kwa njia ya kawaida, siyo ile ya uamuzi wa mapema. Na shule nyingi zinasoma kwa kadiri mafaili yanavyoingia, hawasubiri yote yafike ndo wapange, maana yake faili likikamilika katikati ya Novemba linakuta nafasi za intavyu za vuli zimeshagawiwa, linasomwa Desemba au Januari, na hata ukiitwa Februari sehemu kubwa ya viti vishapata wenyewe, unaishia kugombea weitilisti. Weitilisti inatembea, hasa baada ya 30 Aprili watu wakishachagua shule moja, lakini ni kusubiri kwa kuumiza moyo.

Kipimo changu ni hiki: faili likikamilika kabla ya katikati ya Oktoba, shule yoyote unayofanana nayo bado inafaa kujadiliwa. Katikati ya Oktoba mpaka katikati ya Novemba, jaza zile tu ambazo una sababu nzito. Baada ya hapo kwa MD (digrii ya udaktari ya shule za AMCAS) iwe shule ya jimbo lako au usijisumbue.

Hatua ya 2: hiyo shule inachukua watu kama wewe?

Hapa kaa sana maana ndo penye pesa yako. Fungua MSAR, ile tovuti ya takwimu za kila shule ya AAMC, chama cha shule za udaktari, toleo la kulipia halifiki dola 50, na ukiwa umekubaliwa kwenye mpango wao wa kusaidia ada unapewa bure. Usiishie kuangalia wastani wa MCAT, kila mtu anaangalia huo. Walioingia shule za MD miaka ya karibuni wastani wao ni kama 512 kwa MCAT na GPA (wastani wa maksi za chuo) karibu 3.8, na walioomba ni zaidi ya 50,000 wakaingia kama 23,000. Hiyo ni picha ya nchi nzima, haikwambii kitu kuhusu shule moja.

Tafuta ukurasa unaotenganisha waombaji wa ndani ya jimbo na wa nje. Piga hesabu kwa mkono. Mfano wa kubuni: shule ya serikali, watu wa nje ya jimbo 4,000 waliomba, 80 wakaitwa intavyu. Hiyo ni wawili kwa kila mia, na ndani ya hao wawili wamo waliomaliza faili Julai. Hapohapo watu wa jimbo 1,000 waliomba na 300 wakaitwa, thelathini kwa mia. Shule ileile, ada ileile, esei zilezile, lakini kwa mtu wa jimbo fomu iliyochelewa ina maana na kwa mtu wa nje ni sadaka. Zipo zilizofunga mlango kabisa, shule ya udaktari ya University of Mississippi inachukua wakazi wa Mississippi tu. Zipo zenye familia yao, University of Washington wana mpango wa WWAMI unaohudumia Washington, Wyoming, Alaska, Montana na Idaho, kwa hiyo ndugu yangu wa Seattle una kila sababu ya kumalizia fomu yao, wewe wa Ohio usiye na uhusiano wowote na kule sijui unafuata nini. Texas nako shule nyingi za serikali kwa sheria haziruhusiwi kuchukua zaidi ya asilimia 10 kutoka nje ya jimbo, na wanatumia mfumo wao TMDSAS, ambao dedilaini yake inafika mapema, karibu na mwanzo wa Novemba, watu wa Houston na Dallas muwe macho.

Alafu suala la makaratasi, ambalo wenzetu waliozaliwa hapa hawalifikirii. Shule nyingi hazichukui mtu asiye raia wala hana grin kadi, na kati ya zinazochukua zipo zinazotaka uweke benki ada ya mwaka mzima au hata miaka minne kabla hujaanza. Kama uko kwa F-1, viza ya mwanafunzi, au ulisoma digrii Dar au Nairobi na hapa una kozi chache tu, fungua sheria za shule kabla ya kuandika neno moja la esei. AMCAS haihakiki matokeo ya vyuo vya nje, na shule nyingi zinataka angalau mwaka wa masomo ya chuo cha Marekani au Kanada, nyingine zaidi ya hapo. Wakimbizi na waliopewa hifadhi, wengi wenu Wakongomani na Warundi, nyie kila shule inaamua kivyake, piga simu ofisi ya udahili uulize, dakika tano tu.

Na zile shule zenye historia ya watu weusi, Howard pale Washington DC, Meharry Nashville, Morehouse Atlanta: watu wetu wanaziweka kama za akiba, "hizi hazinikosi". Aisee, wanapokea maombi mengi sana kwa viti vichache. Kama maisha yako yanaonyesha kazi kwa watu waliosahaulika, jaza, zinastahili. Kama unajaza kwa sababu tu wewe ni Mwafrika, esei itakuumbua.

Hatua ya 3: hela

Fomu nyingi za pili ni dola 50 mpaka 150 hivi. Fomu tisa kwa dola 100 ni dola 900, na kwa CNA, msaidizi wa manesi, hizo ni shifti kadhaa mgongo ukiuma. Zile ulizolipa AMCAS zishaenda, hazirudi ujaze usijaze, kwa hiyo zitoe kabisa kwenye hesabu. Watu wanakwambia maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Hapa hapana, ukiona mto umefurika vaa nguo zako urudi, utaoga mwakani.

Ule mpango wa AAMC wa kusaidia ada ukiwa nao shule nyingi zinakufutia ada ya fomu ya pili. Haurudishi ulicholipa tayari, na una masharti ya uraia na makazi, lakini kwa wenye grin kadi na wakimbizi wenye kipato cha chini ni mlango ambao watu wetu wengi hawaujui. Kama huna, iandikie ofisi ya shule uombe msamaha wa ada, mistari mitatu, bila kulialia. Wengine wanakubali.

Kuna kubwa zaidi ya ada ya fomu. Kwa wanaoanza kukopa kuanzia 1 Julai 2026, ule mkopo wa serikali ulioitwa Grad PLUS haupo tena, na mkopo wa serikali kwa mwanafunzi wa udaktari una kikomo cha dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Shule nyingi za binafsi gharama zote za miaka minne zinapita dola 300,000. Sasa kama hiyo fomu iliyolala ni ya shule ya binafsi ya gharama hiyo, mbali na kwenu, na huna wa kukusainia mkopo wa benki, jiulize kama ungeenda hata wakikuita kesho. Kama jibu ni "mh", ifute kwenye karatasi.

Hatua ya 4: fanya jaribio la saa moja

Usiamue kwa kuwaza, amua kwa kuandika. Chukua fomu, tafuta swali la "kwa nini shule yetu", weka saa moja kwenye simu, andika. Ukimaliza futa jina la shule uweke jina la shule nyingine. Kama esei bado inasomeka vizuri, hujaandika kitu. "Nimevutiwa na mtaala wenu wa kisasa, utafiti wenu na utofauti wa wanafunzi wenu" inaingia shule zote zaidi ya 150 za nchi hii, na huyo msomaji ameshaisoma asubuhi hiyohiyo mara kibao.

Linganisha na mtu anayeandika hivi: nimefanya shifti za usiku nasing homu moja Lowell, kuna bibi kutoka kwetu ambaye dimenshia ilipokomaa Kiingereza kilimtoka kikabaki Kiswahili, nesi wa zamu alikua ananitafuta mpaka chumba cha mapumziko nije nimuulize anaumwa wapi, na usiku mmoja alichokua anakiita "moto" wote walidhani ni homa kumbe ni mkojo unamuwasha, UTI. Alafu anaunganisha na kliniki ya bure inayoendeshwa na wanafunzi wa shule hiyo na wagonjwa wa aina gani wanakuja pale. Hiyo huwezi kuihamisha kirahisi, na hata ikija Novemba msomaji ananyanyua kichwa.

Saa moja ikiisha na una aya moja yenye uhai, endelea. Ukiwa bado unatazama ukurasa mweupe na tovuti ya shule iko wazi pembeni unatafuta cha kusifia, acha. Hiyo shule huitaki, unataka tu kuingia mahali.

Hatua ya 5: fikiria mwakani

Mtu akijaza fomu dhaifu akakataliwa, mwakani anarudi kama mwombaji wa pili na shule itamuuliza nini kimebadilika tangu mwaka jana. Kama aliomba Novemba na anaomba tena Juni, miezi saba imepita, nini kitakua kimebadilika? Baadhi ya shule zina kikomo cha mara unazoweza kuomba, mbili au tatu. Na shule hazifanani katika kukuhesabu, nyingine zinakuhesabu kuwa uliomba pale tu ulipotuma fomu ya pili, nyingine AMCAS peke yake inatosha. Uliza, ni swali la kawaida.

Kwa hiyo kama MCAT yako iko chini na ulishapanga kurudia Januari, au saa zako za kliniki ndo zimeanza kukusanyika, fomu iliyochelewa leo inachoma nafasi kwa toleo lako lililo dhaifu. Ila kama faili lako lipo imara na kilichochelewa ni karatasi tu, kuna nafuu ya kujaza chache, maana hata ukikosa utaomba na faili zuri zaidi. Angalia pia umri wa MCAT, shule nyingi zinataka ya miaka mitatu ya karibuni hivi, ikiwa yako inakaribia kufa basi kusubiri nako kuna bei.

Na hapa niseme la nyumbani. Mama yuko Mwanza ameshawaambia kanisa zima mtoto anaingia udaktari, kila Jumapili WhatsApp inaita, na mtu anajaza fomu tisa ili tu awe na jibu la kumpa. Mwambie tu mama ukweli, kwamba maombi ya huku yanafanyika mara moja kwa mwaka na si wachache wanaoingia mara ya pili.

Hatua ya 6: amua, usilale nayo

Rudi kwenye karatasi. Shule inabaki kama ni ya jimbo lako, au una uhusiano wa kueleweka nayo na jaribio la saa moja limepita, au ni ya wanaochuja na wamekupitisha. Zikizidi nne punguza, mtu anayefanya kazi hawezi kuandika vizuri zaidi ya hapo kwa wiki moja, hata ajisifu vipi.

Za DO, ile digrii nyingine ya udaktari hapa Marekani, ziangalie kivyake. Wanatumia mfumo wao wa maombi, AACOMAS, shule zao zipo zaidi ya 40 na kalenda yao inaenda mbele, baadhi dedilaini zinafika mpaka masika. Fomu ya DO ya Novemba haijachelewa kama ya MD ya Novemba. Ila soma vizuri, zipo zinazotaka barua ya daktari, na ukikubaliwa dipoziti inaweza kuwa kubwa na hairudi.

Hatua ya 7: unazojaza, maliza ndani ya wiki

Siku ya kwanza usiandike, kimbiza vitu vinavyotegemea watu wengine: barua, CASPer, kuangalia kwenye potali ya kila shule kama MCAT imeonekana. Ya pili na ya tatu andika shule unayoitaka kuliko zote, siyo ile rahisi, maana nguvu zinaisha. Esei za "changamoto uliyopitia" na "utachangia nini darasani" unaweza kuzitumia shule zaidi ya moja, ila soma swali upya kila mara, moja inauliza ulijifunza nini, nyingine inauliza ulifanya nini. Kabla ya kutuma, tafuta kwa kompyuta jina la shule nyingine ndani ya esei. Fanya hivyo tu, utanishukuru.

Kuchelewa usikuombee msamaha kwenye esei. Wakiuliza kuna kitu unataka kuongeza, na una sababu halisi kama msiba au ugonjwa, mistari miwili inatosha. Ukihitaji siku chache za nyongeza waandikie kabla ya dedilaini, jina, namba ya AMCAS, unaomba mpaka tarehe ipi. Baada ya dedilaini hiyo email haina kazi.

Ukishatuma, ingia kwenye potali baada ya siku tatu nne uone kama imeandika faili limekamilika. Usipoona, piga simu. Kuna watu wanakaa mpaka Januari kumbe barua moja haikuunganishwa na shule.

Hatua ya 8: unazoacha

Shule usiyoitaka, jitoe rasmi ili wasiendelee kukukumbusha. Maswali yake yanakili kwenye faili lako, shule nyingi hurudia yaleyale au yanayofanana mwaka unaofuata, na hiyo aya moja ya saa moja uliyoandika ihifadhi nayo. AMCAS inafunguliwa tena mwanzoni mwa Mei na kutuma kunaanza mwishoni mwa mwezi huo. Barua ziombe Februari, transkripti uziagize mara tu inapofunguliwa, na esei ziwe zimeandikwa kabla ya Juni kuisha, kwa sababu fomu za pili zikianza kumiminika Julai zinakuja tano kwa wiki na shifti hazipungui.